Nyumba njema si mlango

Jumapili ya leo naomba tuongozane safari ya mbali kidogo, mpaka mji wa Toronto nchini Kanada, kwenye pembe zinapokutana barabara mbili ziitwazo Queen na Yonge. Usihofu nauli wala baridi. Tutasimama nje ya duka moja kubwa, tutazitazama kuta zake, tutasikiliza habari zake, kisha tutarudi kwetu kabla chakula cha mchana hakijapoa. Natumaini kwamba tukirudi tutakuwa na jambo la kuzungumza mezani pamoja na watoto wetu, kwa maana yaliyolipata duka hilo ni yale yale yawezayo kuipata nyumba ya mtu yeyote aishiye kwa mshahara wa mwezi.

Duka lenyewe lilianzishwa na Robert Simpson, Mskoti aliyehamishia biashara yake Toronto mwaka 1872. Biashara ilipostawi, alimwita msanifu majengo Edmund Burke amjengee jengo la ghorofa sita, likamalizika mwaka 1894. Jengo hilo lilikuwa la aina mpya katika Kanada. Zamani uzito wa ghorofa ulibebwa na kuta, kwa hiyo kuta zilikuwa nene na madirisha madogo. Burke aliujenga kwanza mfupa wa chuma, uzito wote ukabebwa na mfupa huo, na ukuta ukapata nafasi ya kuwa kioo kitupu. Ndipo duka likapata madirisha mapana ambayo mpita njia aliweza kuona ndani yake nguo, vyombo na vitanda bila kuvuka kizingiti.

Miezi michache tu baadaye, Machi 1895, moto ukaliteketeza. Simpson hakukata tamaa. Mwaka 1896 jengo likasimama tena kwa sura ile ile, lakini safari hii chuma kilifunikwa ili kukikinga na moto. Mwenyewe hakulifaidi sana, maana alifariki mwaka 1897. Hata hivyo waliomrithi waliendelea kulikuza. Mwaka 1929 lilikuwa limeenea mpaka Barabara ya Bay upande wa pili, na ghorofani mlikuwa na ukumbi wa chakula ulioitwa Arcadian Court, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mahali pa akina mama wa mjini kupumzika baada ya manunuzi.

Huenda utauliza: duka kubwa la namna hiyo lilikuwa na maana gani kwa mtu wa kawaida? Lilikuwa na maana kubwa. Kabla ya maduka hayo, mnunuzi alizunguka kwa fundi huyu na mwuzaji yule, bei ikitegemea ulimi wake na sura yake. Duka la idara nyingi chini ya paa moja lilileta bei iliyoandikwa, moja kwa wote. Aidha, liliruhusu mtu kuingia, kutazama na kutoka bila kununua chochote, wala asifukuzwe. Mfanyakazi wa kiwandani aliweza kupanda lifti ile ile aliyopanda mke wa tajiri. Ilipofika Krismasi, madirisha ya Barabara ya Queen yalipambwa kwa wanasesere na vikaragosi vilivyojongea, na wazazi wakawaleta watoto wao kutazama. Starehe hiyo haikuwa na kiingilio. Ng'ambo ya barabara lilikuwapo duka jingine, la Eaton, na kwa karibu miaka mia yale mawili yalishindana kama majogoo wa mtaa mmoja.

Mwaka 1978 duka la Simpson lilinunuliwa na kampuni ya Hudson's Bay, na mwaka 1991 jina la Simpson likaondolewa mlangoni. Kampuni hiyo si ya jana wala juzi. Ilipewa hati yake na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza tarehe 2 Mei 1670, hati iliyoipa haki ya biashara katika nchi pana mno ambayo wenyeji wake hawakuulizwa. Ilianza kwa ngozi za wanyama, na hatimaye ikawa kampuni ya maduka. Ng'ambo ya barabara, Eaton alifilisika mwaka 1999. Hudson's Bay ikabaki peke yake, mzee wa mtaa aliyewazika wenzake.

Sasa sikiliza kwa makini, ndugu msomaji, maana hapa ndipo ilipo habari yenyewe.

Mwaka 2008 Hudson's Bay iliingia mikononi mwa kundi la wawekezaji wa Kimarekani likiongozwa na Richard Baker, mtu aliyetoka katika biashara ya majengo. Mwaka 2013 kampuni hiyo ikainunua Saks, duka mashuhuri la anasa la Barabara ya Fifth Avenue mjini New York, kwa dola za Marekani bilioni 2.9 pamoja na madeni yake. Huko Saks huuzwa viatu ambavyo bei ya jozi moja yaweza kulipa pango la nyumba la mwezi, na mikoba ambayo mwenye nayo huogopa kuiweka chini. Mpango ulikuwa kuileta Saks Kanada na kuipa sehemu ya lile duka la kale la Queen na Yonge.

Fedha zingetoka wapi? Januari 2014 kampuni ilitangaza kwamba imeliuza jengo, pamoja na mnara wake wa ofisi, kwa kampuni ya majengo iitwayo Cadillac Fairview, kwa dola za Kanada milioni 650. Papo hapo ikalipanga tena jengo hilo hilo kwa mkataba wa miaka 25. Maana yake, aliyelala jioni akiwa mwenye nyumba aliamka asubuhi akiwa mpangaji katika chumba kile kile, kitanda kile kile. Fedha zilipunguza madeni, na yule mgeni wa heshima akaandaliwa sebule.

Mafundi wakaingia. Saks ilipewa futi za mraba 150,000, eneo la kutosha viwanja viwili vya kandanda, na tarehe 18 Februari 2016 milango ikafunguliwa. Mwaka uliofuata daraja jipya la kioo na shaba likavuka juu ya Barabara ya Queen, likiunganisha duka na jengo kubwa la maduka lililo ng'ambo, ili wanunuzi wapite bila kukanyaga theluji. Hapana shaka kazi ilikuwa nzuri. Kuna majengo mengi ya kale duniani yaliyobomolewa yakawa viwanja vya kuegesha magari. Hili lilibaki limesimama, na jambo hilo lastahili sifa. Aidha, ujenzi uliwapa mafundi kazi, na duka jipya likaajiri wauzaji.

Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mgeni wa heshima hakuwa peke yake mtaani. Mwezi Septemba mwaka ule ule wa 2016 duka jingine la fahari kutoka Marekani, Nordstrom, lilifungua milango yake katika jengo la ng'ambo. Matajiri wa Toronto ni wengi, lakini si wengi kiasi hicho, na tajiri naye ana miguu miwili tu ya kuvalia viatu. Nordstrom ilifunga maduka yake yote ya Kanada mwaka 2023 ikaenda zake. Wakati huo huo watu wa kawaida, wale waliokuwa wakinunua shuka, sufuria na soksi za watoto, walizidi kununua mahali pengine: katika maduka ya bei nafuu, na kwa njia ya intaneti. Ugonjwa wa korona ukaja, maofisi ya katikati ya mji yakabaki matupu, na hata hofu ilipopungua, si wafanyakazi wote waliorudi kukaa mjini siku tano za juma.

Je, nyumba ya mwenyeji ilikuwa katika hali gani? Katika kiangazi cha mwaka 2024 baadhi ya maduka ya Hudson's Bay yalilazimika kufunga milango kwa muda kwa sababu mitambo ya kupoza hewa iliharibika. Wanunuzi walikwisha kuzoea kukuta ngazi za umeme zimesimama. Jambo hilo, ndugu msomaji, lanikumbusha nyumba ambayo sebuleni mna makochi mapya yaliyofunikwa vitambaa vya kufumwa, na jikoni mvua inaingia ndani ya sufuria.

Tarehe 7 Machi 2025 kampuni ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Ilitaja sababu zake: wateja kubana matumizi, mvutano wa biashara kati ya Kanada na Marekani, na upungufu wa watu katikati ya miji. Sababu hizo ni za kweli, na haifai tumsingizie mgeni kwamba yeye ndiye aliyeua. Lakini mtu mwenye afya hupatwa na mafua akapona. Ni yule aliyekwisha dhoofika ndiye ambaye mafua humlaza kitandani. Kampuni ilikuwa imeuza kuta zake, ina pango la kulipa kila mwezi, na ina deni lililozidi pumzi yake.

Mwezi huo huo bidhaa zikaanza kuuzwa kwa bei ya kumaliza. Kwanza maduka sita yaliachwa kando kwa matumaini kwamba yangeokolewa, na la Queen na Yonge lilikuwa mojawapo. Mwishoni mwa Aprili nayo yakatiwa katika hesabu ya kufungwa. Tarehe 1 Juni 2025 milango ilifungwa: maduka 80 ya Hudson's Bay, pamoja na 16 yaliyobeba jina la Saks nchini Kanada, yote yakaisha. Mwenyeji na mgeni walitoka siku za msiba mmoja. Kampuni ilikuwa imeishi miaka 355.

Sasa tuwatazame wafanyakazi, kwa kuwa safu hii husomwa na wafanyakazi na watu wa nyumbani mwao. Zaidi ya watu 8,000 walipoteza kazi. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na wanaume waliokwisha kutumikia miaka mingi kaunta, ghalani na ofisini. Hawa hawakushauriwa jengo lilipouzwa, wala hawakuulizwa kama Saks iletwe au isiletwe. Lakini ilipofika siku ya hesabu, kampuni haikuwa na fedha za kuwalipa kiinua mgongo. Katika utaratibu wa kufilisika, wakopeshaji waliokamata rehani huwa mstari wa mbele, na mwuza soksi husubiri nyuma. Serikali ya Kanada ina mpango wa kuwafidia wafanyakazi wa kampuni zilizofilisika, na kwa mwaka huo kikomo chake kilikuwa dola 8,800 na kitu. Kwa aliyetumikia mwaka mmoja, si haba. Kwa aliyetumikia miaka thelathini, ni kama kupewa ndizi moja baada ya kulima shamba zima.

Wastaafu nao walikatiwa malipo ya matibabu, ya meno na bima ya maisha waliyoahidiwa. Waliokuwa wakilipwa kwa sababu ya ulemavu, watu ambao hata kazi nyingine hawawezi kuitafuta, nao waliambiwa kwamba malipo yanakoma.

Lakini hapa pana jambo moja ambalo nataka ulishike, hata kama mengine yote utayasahau. Mfuko wa pensheni haukuzama. Ulikuwa na fedha za kutosha kulipa pensheni zote zilizoahidiwa, na ziada juu yake. Kwa nini pensheni ilipona na bima ya meno ikafa, hali vyote viwili viliahidiwa na kampuni ile ile, kwa watu wale wale? Kwa sababu fedha za pensheni zilikuwa zimetengwa mapema na kuwekwa mahali pake, ambapo mkono wa mwenye duka haukuweza kuzifikia wala mdai hakuweza kuzidai. Bima ya matibabu haikutengewa kitu. Ililipwa kutoka katika droo ya duka mwezi hadi mwezi, na droo ilipokauka, ahadi nayo ikakauka. Hiyo ndiyo tofauti baina ya fedha na neno la fedha.

Hata ile hati ya mfalme ya mwaka 1670 iliuzwa ili kuwalipa wadai. Mwishoni mwa mwaka 2025 familia mbili za matajiri wa Kanada ziliinunua kwa dola milioni 18, kwa shabaha ya kuikabidhi kwa makumbusho na hifadhi ya nyaraka. Ni jambo jema, maana historia hiyo, tamu na chungu, ni ya watu wote. Lakini jinsi gani ngozi ya kale ilivyo na thamani kuliko mgongo wa mtu ulioinama kaunta!

Usije ukadhani nasema kwamba anasa haina haki ya kuingia katika jengo la kale. Tuvuke bahari kidogo tuone mfano wa Paris. Huko lilikuwapo duka liitwalo La Samaritaine, lililoanzishwa na Ernest Cognacq mwaka 1870 kando ya mto Seine, duka la watu wa kawaida waliokwenda kununua nyundo, aproni na vyakula vya mbwa. Mwaka 2001 lilinunuliwa na kampuni ya anasa ya LVMH, na mwaka 2005 likafungwa kwa hofu ya moto. Wafanyakazi wake nao walionja uchungu. Baada ya miaka kumi na sita na mashitaka mengi juu ya ukuta wake mpya wa kioo, lilifunguliwa tena Juni 2021 likiwa na manukato, mavazi ya fahari na hoteli ya vyumba 72 ambayo mimi na wewe hatutalala. Hata hivyo, ndani ya mpango ule ule ziliwekwa nyumba 96 za kupangishwa kwa kodi nafuu, na mahali pa kulelea watoto wadogo 80 wakati wazazi wako kazini. Sisemi haki ilitimia yote. Nasema kwamba hapo mtu wa kawaida alitengewa sehemu tangu ramani ilipochorwa, na kilichotengwa mapema ndicho kilichobaki. Ni somo lile lile la pensheni.

Turudi nyumbani sasa. Je, ni nyumba ngapi tunazozijua ambazo zimefanya ilivyofanya Hudson's Bay? Baba ana kiwanja alichokinunua kwa jasho. Anakiweka rehani ili afanye harusi ya kusifiwa mtaa mzima, au anunue makochi ya kuwatuliza wageni. Kwa muda anang'ara. Wageni wanasifu, picha zinapigwa. Kisha mwezi unaandama, deni linabisha hodi, na mtoto anarudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Wageni wale hawapo. Mgeni hapaswi kulaumiwa. Yeye alialikwa akala akaondoka. Wa kulaumiwa ni aliyeuza ukuta ili apambe mlango.

Kwa hiyo, mama na baba mnaosoma safu hii, kabla hamjakopa kwa ajili ya sebule, pandeni kwanza mtazame paa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kilicho chenu, hasa ardhi na nyumba, kisiuzwe kwa haraka kwa matumaini kwamba mtaendelea kukitumia kama wapangaji. Mpangaji huishi kwa radhi ya mwingine. Na wewe mwenye kaduka kako cha mtaani, usimdharau mteja wako wa kiberiti na nusu kilo ya sukari kwa kuwa umeona gari kubwa limeegeshwa mbele yako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Yule wa kiberiti atarudi kesho, na kesho kutwa.

Nawe mfanyakazi, usione haya kuuliza. Michango inayokatwa katika mshahara wako inapelekwa wapi? Inafika? Imeandikwa kwa jina lako? Bima unayoahidiwa, kuna fedha iliyotengwa kwa ajili yake, au ni maneno ya droo? Uliza wakati duka lingali limejaa wateja na meneja anacheka. Siku bidhaa zitakapouzwa kwa bei ya kumaliza, hakutakuwa na mtu wa kukujibu.

Jengo la Simpson bado limesimama pembeni mwa Queen na Yonge. Mfupa wake wa chuma uliofunikwa mwaka 1896 ni mzima, maana waliolijenga mara ya pili walikuwa wamejifunza kwa moto, wakaweka kinga mahali ambapo mpita njia hawezi kuiona. Nasi tujenge vivyo hivyo.

Hadi Jumapili ijayo, ndugu msomaji, nakutakia mapumziko mema wewe na jamaa yako.